pH 7.36 lakini kila kitu kingine kimevurugika: mgonjwa huyu tunamsomaje?

#1 Mwanamafiati
Wakuu, habari za jioni. Niko mafunzo kwa vitendo, hospitali moja hapa Mbeya. Kuna majibu ya gesi za damu yametugawa wodini tangu asubuhi. Kila kitu kinachoweza kumtambulisha mgonjwa nimekiondoa.

Mama wa makamo, kisukari cha siku nyingi, kaletwa kutoka Makete. Katapika siku tatu, vidonge vya sukari kaacha kwa sababu havikai tumboni. Anapumua kwa kina, pumzi ndefu ndefu. Sukari 24. Damu ya ateri, hajawekewa oksijeni: pH (ikishuka, tindikali imezidi) 7.36, PCO2 (hewa ukaa) 29, PO2 (oksijeni) 61, bikaboneti (alkali ya damu) 16. Kwenye kichupa cha maabara: sodiamu 137, kloridi 87, potasiamu 3.2, albumini (protini ya damu) 28. Mkojo umejaa ketoni, zile asidi za mwili unaounguza mafuta.

Mkubwa mmoja kasema pH iko kati ya 7.35 na 7.45, mwili umeshafidia, tusikimbizane. Mimi naona huyu mama anaumwa sana na hiyo pH inatuficha kitu. Nani ana maelezo yanayosimama?

#2 Ukinga Baridi
Mwambie mkubwa wako kwa heshima zote kwamba mwili haufidii hivyo. Tindikali ikizidi, mapafu yanatoa hewa ukaa kwa nguvu na pH inasogea kuelekea kawaida, lakini hayana uwezo wa kuirudisha yote. Ukikuta pH nzuri huku PCO2 na bikaboneti vyote viko nje ya mstari, tafuta magonjwa mawili yanayovuta kamba pande tofauti. Huyo mama ana zaidi ya tatizo moja.

Na pole yake. Barabara ya kutoka kwetu Makete na mgonjwa anayetapika si mchezo.

#3 Fundi Sampuli
Kabla hamjaenda mbali, mimi wa maabara nauliza ya kwangu. Damu ilichukuliwa saa ngapi na iliingia kwenye mashine saa ngapi? Sindano ilitolewa hewa yote? Heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) ilikuwa ya unga au mlivuta ya maji?

Siulizi ili kulaumu mtu. Povu la hewa ndani ya sindano linashusha PCO2 na kuisogeza PO2 kuelekea ile ya hewa ya chumbani. Heparini ya maji ikizidi inazimua damu, PCO2 na bikaboneti vyote vinashuka. Sampuli ikikaa mezani, chembe za damu zinaendelea kula oksijeni na kutoa hewa ukaa na asidi ya laktiki. Nusu saa kwenye sindano ya plastiki ndiyo mwisho wangu.

#4 Mjukuu wa Mkwawa
Kamwene wote. Naunga mkono #2 ila nataka hesabu ionekane. Kwa tindikali iliyotokana na umetaboli, PCO2 inayotarajiwa ni bikaboneti mara 1.5, jumlisha 8, ongeza au punguza 2. Hapa: 16 mara 1.5 ni 24, jumlisha 8 ni 32. Kwa hiyo tungetegemea 30 hadi 34. Yeye ana 29, yuko chini ya mstari. Maana yake anapumua kupita mahitaji ya hiyo tindikali. Kuna kitu cha tatu: nimonia, homa, maumivu, au maambukizi kwenye damu.

#5 Fundi Sampuli
#4, pointi moja kati ya 29 na 30 ndiyo unaijengea ugonjwa wa tatu? Povu dogo tu linaifanya hiyo kazi. Mimi bado nasubiri jibu la saa.

#6 Mwanamafiati
Mkuu #5, niliichukua mwenyewe. Hewa niliitoa, heparini ilikuwa ya unga. Kuhusu saa siwezi kuapa, mpeleka sampuli alipitia wodi nyingine kwanza.

Potasiamu ndiyo inanitisha. Insulini bado hatujaanza.

#7 Dr Usiku
Msianze insulini na potasiamu 3.2. Nasema hili kabla ya mengine yote. Insulini inaisukuma potasiamu iingie ndani ya seli, na huyo mama ameshapoteza nyingi kwa kutapika na kukojoa. Chini ya 3.3 unaweka maji na potasiamu kwanza, unahakikisha anakojoa, unaangalia moyo kwa ECG, ndipo insulini. Hizo gesi mtabishana hata kesho, potasiamu haisubiri.

Sasa gesi. Hakuna aliyepiga pengo la anioni, linaloonyesha asidi ambazo hazikupimwa. Sodiamu toa kloridi na bikaboneti: 137 toa 103 ni 34. Kawaida ni kama 12. Albumini yake ni 28, iko chini ya 40 kwa gramu 12, na kila gramu 10 zinazopungua unaongeza 2.5. Pengo lake halisi ni 37. Hata tukitumia 34 bila kusahihisha, limezidi kwa 22. Bikaboneti imeshuka kutoka 24 hadi 16, yaani 8 tu. Kama asidi zile zimekula bikaboneti moja kwa moja, leo angekuwa na 2. Ana 16. Hiyo nyingine imetoka wapi? Imetoka kwenye matapishi: kila anapotapika anamwaga asidi ya tumbo, na damu inabaki na alikali. Kloridi 87 inasema hivyo hivyo.

Kwa hiyo ana ketoasidosisi kali (tindikali ya ketoni) na alkalosisi ya kutapika (alkali kuzidi), kwa wakati mmoja. Zimekutana katikati, zikatoa pH ya mtu mzima wa afya.

#8 Parachichi la Rungwe
Nondo, Dr Usiku. Lakini sodiamu si inabidi uisahihishe kwanza kwa sababu ya sukari? Sukari 24 inashusha sodiamu.

#9 Fundi Sampuli
Hapana mkuu #8. Sukari inavuta maji kutoka kwenye seli, maji hayo yanazimua sodiamu na kloridi pamoja. Ukisahihisha sodiamu peke yake unaongeza pengo ambalo halipo. Pengo unatumia sodiamu uliyoipima. Ile iliyosahihishwa ni ya kupangia maji.

Na nimuongezee Dr Usiku: hiyo 12 inategemea mashine. Mashine nyingi za siku hizi zinatoa pengo la kawaida dogo kuliko la vitabu vya zamani. Kila maabara ijue ya kwake. Kwa mgonjwa huyu haitabadili kitu, 34 ni 34.

#10 Mama Wawili
Samahani madaktari, mimi si wa fani. Mama yangu mzazi ana kisukari, yuko Tukuyu. Nimesoma yote sijaelewa nusu yake. Nitajuaje nyumbani kwamba amefikia huko?

#11 Ukinga Baridi
Karibu Mama Wawili, na swali lako ni la maana kuliko hesabu zetu. Angalia haya: kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kutapika au tumbo kuuma, usingizi usio wa kawaida, na ile pumzi ya kina kama mtu aliyepanda mlima huku amelala. Wengine mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva sana. Ukiona kutapika pamoja na pumzi hiyo, usisubiri asubuhi. Na kama anatumia insulini asiiache kwa sababu tu hajala, mpigieni mhudumu wake awaelekeze.

#12 Mama Wawili
Ubarikiwe sana kaka.

#13 Kyela Kwetu
Mwagonile. Mnazungumza kama vile malaria haipo. Kwetu huku ziwani mtoto akija anapumua hivyo, cha kwanza ni kipimo cha malaria. Malaria kali ina tindikali yake: bikaboneti chini ya 15, au laktati (ile asidi ya laktiki) 5 na zaidi, vyote vimo kwenye vigezo vya WHO. Nimeona watoto wanatibiwa nimonia kwa kupumua haraka, kumbe mapafu ni safi, damu ndiyo imejaa asidi. Huyo mama kapimwa? Laktati yake ngapi?

#14 Mwanamafiati
Malaria imepimwa, hana. Laktati hatuna, katriji zake zimeisha.

#15 Mjukuu wa Mkwawa
Basi msiseme ni ketoni peke yake. Alikuwa anatumia metformini, kile kidonge cha sukari? Figo zikoje? Mtu aliyekauka maji, figo zimeshuka, metformini imebaki mwilini, laktati inapanda. Na muulizeni pombe, hata kama ni mama mtu mzima. Mnywaji aliyeacha kula na kutapika siku kadhaa naye anakuja na ketoni na pengo kubwa.

#16 Parachichi la Rungwe
Wairinga na pombe! Kila mgonjwa kwako lazima apite kilabuni.

#17 Mjukuu wa Mkwawa
Ndugu yangu, ulanzi wetu usiutie kwenye hili, ule ni utomvu wa mianzi, tunakunywa msimu wa mvua na kila mtu anaenda shambani kesho yake. Ninaowaogopa ni wale wa pombe kali zisizojulikana zimetengenezwa wapi. Nilimpokea kijana, pengo kubwa, sukari ya kawaida, ketoni hakuna, analalamika haoni vizuri. Macho ndiyo yalitufanya tufikirie methanoli, ile pombe ya sumu. Tangu siku hiyo pengo kubwa lisilo na maelezo silali nalo.

#18 Dr Usiku
#15 una haki kuhusu laktati, inaweza kuwepo pamoja na ketoni. Kuhusu pombe, ketoni za mnywaji mara nyingi huja na sukari ya chini au ya kawaida. 24 inaelekeza kwingine. Sifungi mlango.

Na tahadhari: kile kijiti cha mkojo kinaona asetoasetati, hakioni ile beta-hidroksibutireti ambayo ndiyo nyingi zaidi mwanzoni. Akianza kupona, moja inageuka kuwa nyingine na kijiti kinaweza kuonyesha ketoni zimeongezeka wakati mgonjwa anapata nafuu. Mfuateni kwa pengo, msimfuate kwa kijiti.

#19 Tabibu wa Milimani
Nimesoma toka juu, nashangaa hakuna aliyetaja kwamba tuko Mbeya. PO2 61 mmeikubali kimya kimya. Wengine mmeshasema nimonia.

Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Kanieneo ya hewa ni kama 620 mmHg, siyo 760. Toa mvuke wa maji 47, zidisha kwa 0.21, unapata 120. Toa PCO2 iliyogawanywa kwa 0.8, yaani 36, inabaki 84 kwenye vifuko vya mapafu. Yeye ana 61 kwenye damu, tofauti ni 23. Kwa umri wake ni kubwa kidogo tu. Ukitumia kikokotoo cha simu kinachodhani uko Dar, kinakupa tofauti ya 52 na unampeleka ICU kwa mapafu.

Tena PCO2 ya mtu wa huku milimani akiwa mzima haikai 40, iko chini kidogo, kwa sababu tunapumua zaidi muda wote na figo zimeshazoea kwa kupunguza bikaboneti. Mtu wa Makete yuko juu kuliko hata Mbeya. Kwa hiyo ile 29 ya #4 huenda ni kawaida yake ya nyumbani imejumlishwa na ketoni. Wala sihitaji nimonia, wala povu la #5.

#20 Ukinga Baridi
Hatimaye mtu ametukumbuka watu wa baridi!

#21 Kyela Kwetu
Hoja nzuri, ila inakata pande zote. Nikimpeleka mgonjwa wangu wa Kyela, mita 500 hivi, Mbeya kwa rufaa, siku ya kwanza utamsoma kwa kiwango cha wapi? Figo hazizoei kwa usiku mmoja.

#22 Tabibu wa Milimani
Oksijeni utaisoma kwa kanieneo ya mahali damu ilipochukuliwa, hiyo haina ubishi. Bikaboneti utaisoma kwa mahali alipotoka. Na hapo nimsahihishe kidogo #2: alkalosisi ya kupumua iliyokaa muda mrefu, kama ya mwinuko au ya mama mjamzito, inaweza kurudisha pH hadi ndani ya kawaida. Ndiyo pekee. Kanuni yako ni nzuri ila ina tundu hilo.

#23 Ukinga Baridi
Hilo nimelipokea, na linanihusu kabisa, wajawazito ndio wengi kwenye kituo changu.

#24 Mjukuu wa Mkwawa
Mwinuko siukatai. Nauliza tu, kama bikaboneti yake ya nyumbani ni 22 na siyo 24, basi imeshuka kwa 6 tu wakati pengo limezidi 22. Hapo alkalosisi ya kutapika inakuwa kubwa zaidi. Na 29 bado sioni kama mwinuko peke yake unaieleza, kwa sababu ile kanuni ya 1.5 ilitokana na wagonjwa ambao hawakuwa Makete. Hakuna kati yetu mwenye kanuni ya Makete.

#25 Chumvi na Maji
Nyote mnazunguka bikaboneti kana kwamba ndiyo inaendesha gari. Mwanafiziolojia Peter Stewart alishaandika mwanzoni mwa miaka ya 1980: vinavyoamua ni PCO2, tofauti ya ioni kali (kama sodiamu na kloridi), na asidi dhaifu kama albumini na fosfeti. Bikaboneti inafuata tu. Toa kloridi kwenye sodiamu: 137 toa 87 ni 50. Mtu mzima ana 36 au 38 hivi. Hamsini! Hapo alkalosisi ya kutapika imejianika kwa kutoa mara moja. Albumini ya 28 nayo inaongeza alkali. Kisha ketoni zinaishusha. Sihitaji uwiano wa pengo wala kubahatisha 24 au 22.

#26 Dr Usiku
Umefika pale pale tulipofika. Wodini saa nane usiku nikiwa na karatasi na kalamu, pengo la anioni linanitosha.

#27 Chumvi na Maji
Tumefika pamoja kwa huyu. Siku ukipata mgonjwa wa salaini (dripu ya chumvi) lita nyingi tutaachana.

#28 Nesi wa Zamu
Naomba niongeze la pembeni linalonikera. Tunaambiwa PCO2 40 ni nzuri. Mgonjwa wa pumu aliyekuwa anahema kwa nguvu tangu jioni, akipimwa usiku PCO2 imetoka 28 ikafika 40, watu wanashangilia imerudi kawaida. Huyo amechoka! Anaelekea kushindwa kupumua. Nimewahi kulipigia kelele hilo zamu nzima mpaka akahamishwa ICU. Namba ya kawaida kwa mgonjwa asiye wa kawaida iogopeni.

#29 Parachichi la Rungwe
Nesi heshima yako. Hiyo inanikumbusha mlipuko wa polio wa Copenhagen, nadhani 1956. Damu zilionyesha bikaboneti ya juu, wakubwa wakasema alkalosisi. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akasema hapana, hao wanashindwa kutoa hewa ukaa. Wakawekewa mashine wakapona.

#30 Fundi Sampuli
Ni 1952, na mashine ndizo hazikutosha. Walitobolewa koo, wanafunzi wa udaktari wakakaa kitandani kubana mfuko wa hewa kwa mkono, kwa zamu, usiku na mchana. Vifo vilishuka sana. Na ubishi ulimalizwa na maabara: Poul Astrup alipima pH akakuta ni tindikali. Ndiyo maana nawasumbua kuhusu sampuli. Wakati mwingine kipimo kimoja kilichopimwa vizuri kinamaliza mabishano ya wiki.

#31 Mwanamafiati
Wakuu, narudi na mrejesho. Potasiamu ilipanda kwanza, insulini ikafuata, asanteni #7. Amepewa salaini nyingi tangu jana. Leo jioni: pH 7.33, PCO2 35, bikaboneti 18, sodiamu 138, kloridi 106, sukari 11. Anaongea, ameomba uji.

Ila sasa wodini kuna anayesema hali imekuwa mbaya kwa sababu pH imeshuka kutoka 7.36, anataka tumwekee bikaboneti ya dripu.

#32 Dr Usiku
Pengo sasa ni 14. Ketoni zimeondoka karibu zote. pH imeshuka kwa sababu alkalosisi ya kutapika imetibiwa na haifichi tena, pia kwa sababu mmemjaza kloridi: lita moja ya salaini ina 154, damu yake haikuhitaji kiasi hicho. Hiyo itatolewa na figo. Bikaboneti ya dripu kwenye DKA (ketoasidosisi ya kisukari) watu wanaifikiria pH ikiwa chini ya 7.0, siyo 7.33, na itamshusha potasiamu tena.

#33 Chumvi na Maji
138 toa 106 ni 32. Jana ilikuwa 50. Nilisema tutaachana kwenye salaini, naona mmenifuata. Hamieni dripu ya Ringa, kloridi yake ni 109.

#34 Nesi wa Zamu
Ringa ikiwepo stoo.

#35 Mjukuu wa Mkwawa
Mimi nimeona kingine. 18 mara 1.5 jumlisha 8 ni 35, na PCO2 yake ni 35 kamili. Ile ziada ya kupumua ya jana imekwisha. Kama ilikuwa mwinuko, mbona imepotea? Bado yuko Mbeya. Picha ya kifua ilisemaje, na alipewa antibayotiki?

#36 Fundi Sampuli
Imepotea kwa sababu safari hii sampuli imefika kabla povu halijafanya kazi yake.

#37 Tabibu wa Milimani
Au kwa sababu jana alikuwa na maumivu ya tumbo na hofu, leo hana. Mwinuko unashusha kiwango anachoanzia, haujawahi kuzuia kitu kingine kuongezeka juu yake. Fundi, safari hii ilichukua dakika ngapi? Mleta uzi atuambie.

#38 Mwanamafiati
Niliipeleka maabara kwa mikono yangu, haikufika dakika kumi. Picha ya kifua ina kivuli kidogo chini kulia, mmoja kasema nimonia, mwingine kasema kovu la zamani. Antibayotiki alianzishwa jana hiyo hiyo, kabla ya picha.

#39 Kyela Kwetu
Basi hapo kila mtu kabaki na hoja yake. Ana picha ya zamani ya kulinganisha?

#40 Mwanamafiati
Familia inasema ipo Makete, ndugu anakuja nayo kwa basi la kesho.